Jina la Nne kwenye Hati ya Mabawa

Jumatatu saa tatu asubuhi, Aimable, karani wa ofisi ndogo ya kusajili uvumbuzi mjini Kamembe, aliondoa kiti chenye egemeo mbele ya meza yake na kuweka kigoda, ili Gaudiose aketi bila kubana mabawa. Hakuombwa. Alikuwa amemwona dirishani akishuka kwenye pikipiki kwa shida.

"Karibu, Maman. Kwenu Bugarama jua kunachoma?"

"Kunachoma, mwanangu. Lakini mupunga inakauka."

Gaudiose alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo aliipitisha akipepeta mpunga kwa ungo. Mabawa yalimwota kiangazi, baada ya Karangwa, mwenye mashine ya kukoboa, kujenga ukuta mrefu wa matofali kando ya uwanja wa kuanikia. Ukuta ulikuwa wa kuzuia wezi, lakini ulizuia na upepo. Wanawake waliokuwa wakipepeta wenyewe ikawabidi kupeleka mpunga kwenye feni ya Karangwa na kumwachia kikapu kimoja katika kila vitano. Juma la tatu mabega ya Gaudiose yalivimba, na Karangwa akampeleka hospitalini kwa gari lake mwenyewe, akamsubiri hadi jioni. Juma la tano manyoya yalitokea, ya rangi ya makapi.

Yalikuwa mabawa mazuri. Kila moja liligeuka lote kwenye shina lake. Akiyalaza, hayakusukuma hewa. Akiyainua kidogo, yalitoa upepo wa kupepeta. Akiyainua zaidi, miguu yake iliacha ardhi, jambo ambalo hakulipenda kwa sababu ya sketi. Kila asubuhi jirani yake Divine alimpaka mawese kwenye maungio.

"Maman, siku utaruka mupaka Burundi, uniachie ile sufuria yako kubwa."

"Nitaruka nayo. Weye unaunguzaka maharagi."

Hivyo Gaudiose akawa anasimama katikati ya uwanja akipiga mabawa, na wanawake wakarudi kupepeta mpunga wao bila kumwachia mtu kikapu. Kisha afisa mmoja akaja, akavua kofia, akasalimia kila mtu, akaeleza kwamba kitu chochote kinachomwinua mtu kutoka ardhini lazima kiwe na hati. Mwezi ukiisha bila hati, mabawa yatafungwa. Ndiyo maana Gaudiose alikuwa ameketi kwenye kigoda.

Aimable alifungua kitabu cha mafungu. Alianza na fungu la ufugaji wa kuku, akaliacha. Akapitia vifaa vya shamba, akasita kidogo kwenye feni, akaendelea.

"Maman, unageuzaka bawa yote ao ncha tu?"

"Yote."

"Mbele ya kuruka, ao hata ukiwa juu?"

"Hata nikiwa juu. Lakini siruki, mwanangu. Napepeta."

Akafika kwenye vyombo vya angani, akashusha kidole taratibu: mabawa, mabawa yanayorekebishwa, mabawa ambayo pembe yake hubadilika. Fungu namba B64C 3/385. Akatoa kipimapembe cha plastiki cha binti yake, anayesoma shule ya Gihundwe, akapima. Pembe ilianzia nyuzi tatu hadi ishirini na mbili. Aliandika vyote kwa mwandiko safi, kisha akammiminia chai.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari minne ya majina ya wavumbuzi, na huo ulitakiwa kujazwa na mwombaji mwenyewe. Gaudiose alishika kalamu kwa muda. Mtu hajitaji kabla ya waliomsaidia. Kwao hata mtoto anajua hivyo. Aliandika Karangwa, kwa ajili ya gari na kungojwa hospitalini. Akaandika Harelimana, marehemu mumewe, aliyemsukia ungo wa kwanza. Akaandika Divine, kwa mawese. Mstari wa nne akaandika jina lake.

Aimable aliusoma ukurasa huo. Naye alilelewa vilevile.

"Umeandika muzuri sana, Maman," akasema, akagonga muhuri.

Hati ilirudi kutoka Kigali baada ya miezi minne. Kule walisoma jina la kwanza kuwa ndilo la mwenye mali, na mabawa yakawa ya Karangwa. Hayakuruhusiwa kufunguliwa mahali popote bila idhini yake. Aimable aliileta mwenyewe hadi Bugarama siku yake ya mapumziko, pamoja na kilo ya sukari.

"Nilikosa, Maman. Ningekuambia uanze na jina yako."

"Hapana. Weye ulinipa kigoda."

Marekebisho yaliwezekana kwa sahihi ya mwenye mali tu. Wakaenda wote wawili kwa Karangwa. Aliisoma hati mara mbili, akavua miwani.

"Maman Gaudiose, hii kitu si miye niliiomba."

"Najua, Mzee."

"Nitasaini. Tuache kwanza hii mavuno ipite."

Mavuno yakapita, na mengine yakapita. Karangwa hakukataa hata siku moja. Aliiuza feni yake, akamwita Gaudiose ndani ya ukuta, akamjengea kibanda cha nyasi ili jua lisimchome, na kila adhuhuri anamtumia sahani ya wali kabla yeye hajala. Gaudiose anashukuru kwa mikono miwili. Wanawake wanapanga foleni na mpunga wao, Divine akiwa miongoni mwao na kopo lake la mawese, na kwenye mlango wa kutokea kila mmoja anaacha kikapu kimoja katika kila vitano.

Saa kumi na moja jioni Gaudiose anayalaza mabawa, Divine anamsaidia kuyafunga kwa kitenge, kwa kuwa barabarani hayana idhini, na wanarudi nyumbani kwa miguu.