Samaki Asiye na Cheti

"Kwani hivyo vijiti vyako vinaumwa homa, mpaka vilazwe kwenye joto kutwa kucha?"

Bu Lasmi, yaani Mama Lasmi, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyemuuliza Yusnidar hivyo siku moja wakianika nguo. Yusnidar alicheka. Akamwambia kwamba kijiti cha kuchomelea chuma ni kama biskuti kavu, kikinyonya unyevu kimekwisha, na hewa ya kisiwa chao cha Batam unaweza kuikamua kama tambara. Ndiyo maana vinakaa ndani ya oveni, joto digrii mia na ishirini, na fundi akipewa vyake huvibeba kwenye mkebe wenye moto. Kijiti kilicholowa hutia vitundu ndani ya mshono wa chuma. Kwa nje mshono unang'aa kama bibi harusi. Upige picha ya eksirei, utadhani mchwa wamepita humo.

Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja Yusnidar akitunza oveni ya karakana ile ya boriti za daraja, tangu afariki mumewe aliyekuwa fundi hapohapo. Elimu yake ilikomea shule ya msingi, lakini hakuna kijiti kilichotoka stoo asikijue. Kila asubuhi alisema Bismillahi, akasoma kipimajoto, akaandika.

Sasa wiki ya pili ilikuwa inakatika na picha za mishono zinarudi mbaya. Vitundu juu ya vitundu. Fundi mkubwa, Bonar, mtu wa kabila la Batak mwenye sauti ya kuita meli, alikuja mpaka dirishani pa stoo.

"Bu, mimi nachomelea tangu sijaota ndevu. Mkono wangu hauna tatizo. Vitazame vijiti vyako."

"Vijiti vyangu vinalala vizuri, Bonar."

"Basi vinaota ndoto mbaya. Halafu kuna jambo jingine. Mbona paka wananifuata?"

Yusnidar alichungulia. Kweli, paka watatu wa karakana walikuwa wamekaa nyuma ya Bonar wameukazia macho mkebe wake wa vijiti, kama wanafunzi wanaosubiri mwalimu.

"Pengine umependeza leo," alisema.

"Mke wangu mwenyewe haoni hivyo, sembuse paka!"

Bonar alipoondoka na msafara wake, Yusnidar alichukua kijiti kimoja akakinusa. Akakinusa tena. Mrehani. Manjano. Na samaki.

Ufunguo wa stoo ulikuwa na nakala moja tu, nayo ilining'inia kiunoni mwa Pak Margono, yaani Bwana Margono, mkaguzi mkuu wa ubora. Yusnidar hakusema kitu. Kumtuhumu mtu kwa harufu ni fitina, na fitina ina hesabu yake kwa Mungu.

Jumatatu Pak Margono aliwakusanya wote. Mdomoni alikuwa na kijiti cha kuchokolea meno.

"Jumatano anakuja Bwana Ong, mkaguzi wa mteja, kutoka Singapore. Anataka kujua vitundu vinatoka wapi. Nimeshachunguza, vinatoka stoo." Akamgeukia Yusnidar. "Bu Yusnidar, umri umekwenda. Siku hiyohiyo utaukabidhi ufunguo, uhamie uwanjani kuokota vyuma chakavu. Hewa safi hiyo!"

Wachache walicheka. Wengine walitazama viatu vyao. Yusnidar aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, Pak." Miaka kumi na moja bila kijiti kibovu, na sasa aokote vyuma juani kwa kosa ambalo si lake. Lakini macho hakuyainamisha. Aliona kwamba kijiti kile cha meno kilikuwa na rangi ya manjano nchani.

Jumanne adhana ya Adhuhuri ilipolia, hakwenda kuswali kwenye chumba cha swala cha karakana kama kawaida yake. Alitandika mkeka nyuma ya maboksi mlemle stoo, akafunga swala. Yumo katika sijida ya rakaa ya pili, kufuli likalia.

"Haya, mwanangu," ilisema sauti ya Pak Margono, laini kuliko alivyowahi kuisikia, "lala hapa. Jipashe taratibu, usiungue. Ngoja baba akupunguzie joto."

Mlango wa oveni ulilia ukifungwa. Swichi ya joto ikasema tik, tik, tik.

Swala haikatwi kwa ajili ya samaki. Yusnidar aliikamilisha rakaa zote nne, ingawa Mungu anajua jinsi kicheko kilivyompanda kooni, kisha akaleta istighfari kwa hilo. Alipoinuka, mtu alikuwa ameshaondoka. Oveni ilikuwa imepunguzwa hadi digrii sitini. Tumboni mwake, juu ya vijiti, palikuwa na vifurushi vitatu vya majani ya mgomba vikitoa jasho.

Kwanza alivitoa vijiti vyote akavitenga vikaokwe upya. Kisha akakaa kitako akafikiri.

Karakana ile ilikuwa na sheria, na sheria yenyewe ilitungwa na Pak Margono: chochote kitakachokutwa ndani ya oveni bila lebo kifungwe lebo nyekundu, kiandikiwe fomu, fomu isainiwe na mkaguzi mkuu, na kitu chenyewe kifungiwe katika sanduku jekundu mpaka mkaguzi wa mteja akione kwa macho yake. Haikusema chuma. Ilisema chochote.

Yusnidar alichukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wa darasa la sita, herufi moja moja.

Pak Margono alikuwa ofisini, jicho moja kwenye saa.

"Fomu za leo, Pak. Saba."

"Lete, lete." Alitia saini kama mtu anayefukuza nzi, fa, fa, fa, saba zikaisha. "Hii ya nne mbona ndefu?"

"Kuna kitu kimekataliwa, Pak. Nikusomee?"

"Mimi na wewe nani mkaguzi hapa? Kama kimekataliwa kimekataliwa. Nenda."

Robo saa baadaye alitokea dirishani pa stoo. Akaingia. Akafungua oveni, akaifunga. Akachungulia chini ya meza.

"Umepoteza kitu, Pak?"

"Mimi? Hapana. Nakagua." Akainua boksi, akalishusha. "Bu... hujaona hapa..."

"Nimeona nini, Pak?"

"Hapana. Basi."

"Niambie tu, nikusaidie kutafuta. Ni kirefu? Ni kifupi? Cha chuma?"

"Nimesema basi!" Tumbo lake likanguruma, likasikika mpaka kwa Bonar.

Njiani kurudi nyumbani Yusnidar alijiuliza kama amefanya hila. Akazipima sentensi zote alizoandika. Hakuona uongo hata mmoja, akala wali wake kwa raha.

Jumatano Bwana Ong, mtu mwembamba asiyecheka, alizitazama picha kwenye mwanga.

"Unyevu," alisema.

"Ndivyo nilivyosema mimi," Pak Margono alidakia. "Stoo, Bwana. Leo hii namwondoa mama huyu."

"Kabla hajaondoka," alisema Bwana Ong, "sanduku jekundu lina nini?"

"Kitu kimoja, Bwana," Yusnidar alisema, akalifungua.

La kuvunda halina ubani. Bonar alirudi hatua mbili akiziba pua; paka wote walikuja mbele. Bwana Ong aliinua kifurushi kwa ncha ya kalamu, akaichukua fomu, akaisoma kwa sauti ileile aliyosomea picha.

"Vifurushi vitatu. Ganda, jani la mgomba. Kiini, samaki, manjano na mrehani. Vimekutwa juu ya vijiti saa sita na dakika arobaini. Joto limeshushwa kutoka mia na ishirini hadi sitini. Havina cheti cha mtengenezaji. Vijiti vilivyokuwemo vimetengwa. Uamuzi: vimekataliwa, visitumike kwenye daraja."

Bonar alitoa sauti kama pancha. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Saini hii ni yako?" Bwana Ong aliuliza.

Pak Margono aliiinamia fomu. "Ni yangu, lakini sikuisoma."

"Hukuisoma." Bwana Ong alipekua faili la fomu taratibu, kurasa mia na zaidi, kila moja na saini ileile. "Na hizi?"

Pak Margono aliivua kofia yake ngumu, akaishika mkononi.

"Labda ulisoma, basi. Maana yake jana ulijua unyevu unatoka wapi, na leo umenionyesha mama huyu."

"Bwana, huyu mwanamke..."

"Huyu mwanamke ameandika alichokiona. Nani mwingine ana ufunguo wa stoo?"

Swali halikuwa la Yusnidar. Alisimama mikono imeshikana mbele, ushungi umenyooka, akasubiri.

Pak Margono alitazama faili, akamtazama Bonar, akamtazama Yusnidar. Akapapasa kiunoni. Kitanzi kilikuwa kimekaza, akahangaika nacho mpaka jasho likamtoka, kisha akauweka ufunguo wake mezani, mbele ya Yusnidar, akavaa kofia yake ngumu mbele nyuma, akatoka.