Maneno ya Jikoni

Siku ya kwanza ya kumuuguza nyumbani kwake, Mzee Bhogal aliponiita, "Wewe! Leta chai!" nilitaka kuvua glavu nirudi kwangu Penrith. Nyanya yangu aliitwa hivyo hivyo kule Nakuru, alipokuwa yaya kwa Wahindi. Mimi nisomee uuguzi, nivuke bahari, halafu nije kuitwa "wewe" huku ughaibuni, Quakers Hill? Nikamwambia, "Mzee, naitwa Jerotich. Na chai huombwa." Akalia. Nikaona haya.

Mkewe, Mama Mohinder, ndiye aliyenieleza kabla hajalazwa. Mumewe ni mshairi. Vitabu vyake vya Kipunjabi vimejaa kabati zima. Kiharusi kilipompiga, Kipunjabi na Kiingereza akabaki kuvisikia tu, kuvisema hawezi. Ulimini kulibaki Kiswahili cha utotoni Nakuru, nacho alijifunzia jikoni, akiwatuma watumishi. Leta. Ngoja. Funga. Upesi. Mtu aliyezeeka akitunga mashairi ya mapenzi, leo hana hata neno moja la kubembeleza.

Na kila mwaka, siku ya ndoa yao, alimtungia mkewe shairi. Haliandikwi, wala wageni hawasomewi. Humnong'oneza sikioni, likaishia hapo. Mwaka huu siku hiyo ilimkuta Mama wodini, saratani imemla, madaktari wameshaacha dawa.

Asubuhi hiyo Mzee alinishika mkono, akajigonga kifuani. "Wewe. Leta."

Nilimwelewa: alitaka maneno ya kumpa mkewe. "Sema, Mzee: nakupenda."

"Na... na..." Jasho likamtoka. Tukajaribu "mpenzi," likagoma. Tukajaribu "mke wangu," likagoma pia. Akapiga meza ngumi, akapayuka neno lililokubali: "Leta! Leta!" Hasira yangu ya Nakuru sikujua tena niipeleke wapi.

Tukaenda hivyo hivyo. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kando ya kitanda. Mama alikuwa amebaki mifupa. Alipomwona aligeuza kichwa, akamtegea sikio kama kila mwaka. Mzee akainama.

"Wewe," alisema. "Ngoja. Mlango, hapana funga. Ngoja kidogo. Mimi nakuja."

"Amesema nini?" Mama aliniuliza kwa Kiingereza. Yeye alitoka Punjab moja kwa moja, Kiswahili hakijui.

Nikamtafsiria neno kwa neno. Akafumba macho, machozi yakamteremkia masikioni.

"Hajawahi kuniomba kitu," alisema. "Mwambie ningengoja. Mwambie nimechoka, siwezi."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Mzee alikuwa amesikia. Alilishika gurudumu kwa mkono wake mmoja mzima, akaanza kulisukuma mbele, kumfuata mkewe.

"Upesi," aliniambia. "Wewe, upesi! Upesi!"

Nikasukuma. Kiti kikagonga chuma cha kitanda, kikagonga tena. Tulikuwa tumeshafika.