Mbolea Mbichi ya Madinah

Wanyera alikuwa mwizi wa mbolea, na Madinah alilijua hilo tangu msimu uliopita. Kila Ijumaa, Madinah akienda kuswali, jirani huyo aliyelima upande wa juu wa mteremko wa mlima Wanale alijipenyeza uani kwake akajaza gunia samadi ya kuku. Samadi yenyewe ilikuwa imeiva, imegeuzwageuzwa miezi kadhaa hadi ikapoteza harufu. Jasho la Madinah, kabichi zinanenepa kwa Wanyera!

Basi hoteli moja ya Jinja ikatafuta mkulima mmoja wa kuiuzia mboga, ikamtuma mtafiti, Urmila, awapimie wawili hao udongo. Urmila aliwaeleza waziwazi: kuku wakinyweshwa antibiotiki, samadi yao mbichi huingiza shambani jeni zinazovifanya vijidudu visisikie dawa. Ikiozeshwa vizuri, jeni hizo hupungua sana. Angerudi baada ya mvua kuchukua udongo.

Madinah aliitaka tenda ile kwa kufa na kupona. Siku hiyohiyo aliihamishia samadi iliyoiva nyuma ya jiko. Mahali pake akamwaga mbichi, ya kuku waliotoka kumaliza dozi, akaifunika majani ya migomba kama kawaida. Ijumaa aliswali kwa utulivu wa ajabu.

Urmila alipoleta majibu, aliwakuta wote wawili mpakani.

"Bwana Wanyera, shamba lako limejaa jeni za usugu wa dawa. Unaweka mbolea gani?"

"Ya ng'ombe tu, madamu."

"Ng'ombe wako wanaota manyoya ya kuku? Nimeyakuta udongoni."

Wanyera alimnyooshea Madinah kidole. "Basi ni ya huyu Mama Nuriat. Mimi natoa kwake kila Ijumaa. Yeye ndiye aliyeniharibia shamba."

Madinah alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na wewe, mama," Urmila akaendelea, "udongo wako wa hapa mpakani uko vilevile. Mvua imeuteremsha uchafu wake kwako. Hoteli itachukua mboga za mkulima mwingine, wa Buwenge."

Kicheko kilimkauka Madinah. Miaka yote aliyoishi kwenye mteremko ule, hakukumbuka kwamba maji hushuka. Alijionea haya, na alitamani kulia.

Urmila alipoondoka, Madinah alimtupia jirani yake koleo. "Njoo uani tugeuze lile lundo bichi. Mpaka liive, usiguse."

"Na likiiva?"

"Utaomba."