Ngazi ya Baba Mkwe

Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia Imelda akasikia? Alisimama katika gereji ya Ezron pale Tunduma, mzigo wake wa mchele ukimngoja sokoni, akimhimiza fundi kama anayefukuzwa. Alitaka ngazi ya pembeni, lile bao la chuma la kukanyagia, lifungwe chini ya mlango wa pikapu yake.

"Dada, hii inafungwa kwenye chesisi, chuma kile kinene cha chini," Ezron alisema. "Bolti zake zinakuja kesho. Nikiichomelea kwenye bati, itabanduka."

"Ichomelee hivyo hivyo. Mzee mwenyewe mwepesi."

Alijuaje? Mzee Yonathani alikuwa baba mkwe wake, na kwao Ileje mwanamke hamgusi baba mkwe. Hata mkono hawapeani. Ndiyo maana ngazi ilihitajika: magoti ya mzee yalikuwa yamechoka, pikapu ilikuwa juu, na Kefa, mume wa Imelda, alikuwa Zambia kikazi. Kila siku ya kliniki ya kisukari kule Itumba, jirani aliitwa kumpakia mzee kama gunia, naye mzee aliichukia aibu hiyo kuliko sindano.

Basi kijiji chao kizima cha Mbebe kikasikia habari ya ngazi. "Mkwe wangu ameniwekea ngazi!" mzee alitangaza, kofia kichwani, fimbo mkononi. "Leo napanda mwenyewe."

Akakanyaga. Bati likalia, ngazi ikang'oka, mzee akaenda chini ubavuubavu. Imelda alikuwa hatua moja tu nyuma yake, mikono ameifumbata kifuani kama alivyofundwa. Hakuinyoosha.

Mzee alivunjika mkono. Majirani wakamsifu Imelda: huyu ndiye mkwe mwenye adabu, hata kwenye ajali hakusahau mipaka. Sifa zile zilimchoma kuliko matusi. Alirudi kwa Ezron, naye akaifunga ngazi upya kwa bolti, kwenye chesisi.

Siku ya kliniki ilipofika tena, mzee aligoma. Alikaa kibarazani, mkono umefungwa plasta, na Imelda akambembeleza kutoka nyuma ya ukuta wa jiko, kama desturi inavyotaka.

"Mwanangu, nenda na gari lako," mzee alisema, akiangalia pembeni. "Nimekuvunjia ngazi kwa miguu yangu hii mibovu. Nisamehe. Sipandi tena, nisije nikakutia hasara nyingine."

Hapo Imelda akashindwa kuvumilia.

"Baba, siyo miguu yako. Fundi alinionya, mimi nikamharakisha. Na ulipoanguka nilikuona, nikafumbata mikono."

Mzee alichokoachokoa ardhi kwa fimbo.

"Mikono, mila iliifunga," alisema mwishowe. "Na ngazi je?"

Imelda alitoka nyuma ya ukuta, machozi yakimtiririka, akanyoosha mkono. Mzee aliutazama, akaangalia barabarani kama kuna mtu anapita, kisha akaushika. Wakatembea hivyo hadi garini.

Juu ya ngazi magoti ya mzee yalilegea, akamwegemea Imelda begani kwa mwili wake wote. Ngazi haikutikisika. Imelda alikaza miguu, akashusha pumzi.

Mzee alikuwa mzito, jamani. Alikuwa mzito sana.