Nyota Nane na Barua za Babu

Nilimwambia Zuhura mara tatu: chukua gazeti. Mjukuu wangu huyu husikia mlio wa sahani tu.

Ilikuwa Alhamisi. Dada yake, Mastura, alikuwa anaolewa Msimbati, na gari la vyombo lingeondoka kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Kilichobaki ni mfarishi wake, tandiko la kitanda la viraka vya kanga, nyota tisa, tatu kwa tatu. Mama mkwe wake alikuwa ameshatangaza kijiji kizima kwamba mfarishi unakuja.

Kazi yenyewe haina ugumu kwa mwenye subira. Unachora nyota kwenye karatasi, unaweka vitambaa upande wa pili, unapitisha cherehani juu ya mstari, unakunjua, unaongeza kipande kingine. Mishono iwe midogo, ya kubana, ili mwisho karatasi ichanike vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Nilipofika kwao Mikindani, nyota zote tisa zilikuwa zimeshaunganishwa. Nikafurahi, wallahi. Halafu nikageuza nyuma.

"We Zuhura, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Sandukuni kwa babu. Gazeti wino wake unachafua kanga, Bibi."

Hapo alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Si barua za babu yako hizi!"

"Barua za korosho tu. Za zamani. Mi' mwandiko ule wa Kiarabu siujui."

Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alikuwa anakwenda kucheza kombolela.

"Marehemu hakuandika barua bila kuanza na Bismillahi. Sasa utachana jina la Mungu ulimwage sakafuni? Au dada yako alilalie?"

Akajishika mdomo. Afadhali alijua kujishika.

Tabu ni kwamba alichorea upande mtupu, maandishi yakaangalia kitambaa. Nikakaa mlangoni kwenye jua, nasoma wino uliopenya, kinyumenyume kama kwenye kioo. Nyota ya kwanza, magunia. Ya pili, magunia na salamu za Bakari. Nikazipitia nane, zote magunia, vipande vya chini ya barua. Ya katikati: Bismillahi, nzima, kwa mwandiko wake ule wa madaha.

"Fumua."

"Bibi, mishono imebana!"

"Nani alikufundisha kubana?"

"Wewe."

Nikaenda kutafuta wembe.

Tukafumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, mpaka adhana ya alasiri. Karatasi ikatoka salama, nikaikunja nikaiweka pamoja na juzuu yangu. Kanga ndiyo iliyotoka matambara. Zuhura akaja na karatasi ya sukari.

"Hii nayo ina Bismillahi, Bibi?"

"Niondokee!"

Muda wa kushona nyota nyingine haukuwepo; bado tulikuwa na karatasi nane za kuchana na mfarishi mzima wa kumalizia. Nikakata kipande cha kanga yangu, nikaziba katikati, basi. Ijumaa mfarishi ukaondoka na nyota nane na shimo la aibu.

Mama mkwe akauliza mbona katikati hakuna nyota. Mastura, mtoto wa nyumba hii kweli, akajibu kwamba ndivyo tunavyoshona Mikindani.

Mwezi uliopita jirani yetu Ashura alirudi kutoka Msimbati. Anasema wanawake wa kule sasa wote wanashona nyota nane na kuacha katikati wazi. Na wamenitumia salamu: niwaeleze, ile sehemu wazi mtindo wake unaitwaje?