Mashujaa Wasio na Mwenyewe

Dada Pindo alirudi kutoka kiwandani, akavua viatu mlangoni na kukung'uta nywele. Nyuzinyuzi za blanketi zikamdondoka sakafuni. Akazifagia, akabandika maji ya chai. Jina hilo la Pindo alipewa na wenzake wa kazini, kwa kuwa kazi yake ni kushona pindo za blanketi. Kaka yake naye alifanya kazi humo humo, upande wa mashine za kuchambua pamba, mpaka kifua kilipomshinda. Sasa alikuwa mtu wa kushinda kitandani, ameegemea mito, na vitabu vya zamani vya katuni vimemzunguka pande zote.

"Leo tunamweka nani mbele?" kaka akauliza hata kabla ya salamu.

"Ngoja kwanza nikae, kaka. Hii miguu si yangu."

Kila jioni kazi yao ilikuwa hiyo: kupanga hadithi ambamo mashujaa waliosahauliwa wanakutana na kuwa kundi moja. Si wale mashujaa wa kwenye fulana na mabegi ya shule. Wale wana wenyewe, ukiwagusa unaitwa mahakamani. Hawa kampuni zao zilifilisika zamani, wachoraji wao wakafa, haki zao zikaisha muda. Mtu yeyote anaruhusiwa kuwatumia atakavyo, ila ndiyo hivyo, hakuna aliyewataka. Alikuwepo Jabali Jekundu, aliyebomoa kuta kwa bega. Alikuwepo Mama Tufani, aliyepuliza upepo kwa kinywa chake. Alikuwepo na Mtu Kengele, aliyekuwa akilia kila hatari inapokaribia, na zaidi ya hapo hakuwa na ujuzi wowote.

Mashujaa hao walianza kuja nyumbani kaka alipoacha kutoka nje. Jabali Jekundu ndiye aliyetangulia. Alibisha hodi, akainama kupita mlangoni, akakalia ndoo iliyopinduliwa kwa sababu kiti kisingemhimili. Wekundu wake ulikuwa umepauka, na kwenye kiwiko alikuwa na mchaniko, pale ukurasa wake ulipochanika. Dada Pindo akaongeza kikombe. Wengine wakafuata, na hawakuwa wageni wasumbufu. Mama Tufani alisaidia kumenya viazi, ila aliombwa apumue taratibu, maana siku ya kwanza maganda yote yaliruka mpaka kwa jirani. Jirani aliyaleta kwenye sinia.

"Mgeni wenu ana mapafu mazima," alisema. "Hongereni."

Kiwandani mapafu mazima yalikuwa machache. Madirisha hayakufunguliwa, kwa sababu vumbi la barabarani lingechafua blanketi nyeupe. Feni za kuvuta nyuzi zilikuwepo, lakini zilizimwa ili kubana matumizi ya umeme. Watu walikohoa kutwa, wakapeana pole, wakaendelea. Mama Pacha, wa mashine ya jirani, alikuwa ameanza kutema damu kwenye leso. Dada Pindo mwenyewe alikuwa na kikohozi kikavu ambacho akifika nyumbani alikimezea kwa chai. Kaka alikisikia hivyo hivyo.

"Sasa sikilizeni," kaka akasema jioni hiyo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikaa wima. "Wanaungana, wanaingia kiwandani, wanafungua madirisha. Basi. Sitaki adui wa kutoka nyota nyingine."

Jabali Jekundu alifurahi hata akavunja kikombe, akaomba radhi.

"Mkishaandika mwisho tu, tunakwenda," akasema Mtu Kengele. "Bila mwisho hatuendi. Tutabaki mguu mmoja hewani."

Lilikuwa jambo la kukaa na kumaliza. Lakini waulize watu wapenzi wa katuni kama wamewahi kumaliza jambo! Kaka alitaka Jabali awe kiongozi. Dada Pindo akasema haiwezekani, Mama Tufani akipuliza mara moja tu Jabali yuko chali. Wakabishana nani angemshinda nani. Jioni iliyofuata wakabishana kuhusu asili ya Jabali, kwa maana kitabu kimoja kilisema alizaliwa kwenye volkano, kingine kikasema alikuwa mvunja kokoto aliyepigwa na radi.

"Hatuwezi kuwakutanisha watu ambao hatujui walikotoka," kaka akashikilia.

"Kaka, si hao hapo? Wanakunywa chai!"

"Usilipue kazi, mdogo wangu. Watu watatucheka."

"Watu gani? Nani atasoma?"

Jabali mwenyewe alipoulizwa alisema hakumbuki, na kwake yote mawili sawa. Hakuna aliyemsikiliza. Na tuseme ukweli, wale ndugu wawili walikuwa wanastarehe. Walikuwa na raha ya kuvutana, kupigana vikumbo vya maneno na kucheka mpaka kaka anashika ubavu. Saa ile peke yake ndiyo iliyokuwa yao, na kila mmoja aliogopa kimoyomoyo kuimaliza.

Kosa la Dada Pindo ni kwamba alimsimulia Mama Pacha mpango huo wote, hata habari ya mwisho unaosubiriwa, wakati wa chakula cha mchana. Alitaka kumpa moyo. Maneno yakatembea, yakafika ofisini, na kumbe meneja naye utotoni alivisoma vitabu vile vile. Akaandika nusu ukurasa. Hakusema kiongozi ni nani wala nani katokea wapi, na Jabali alimwita "yule mwekundu". Aliandika kwamba mashujaa waliungana, wakaja kulinda madirisha ya kiwanda yasifunguliwe na mtu, wakabaki hapo siku zote. Chini akaandika: Mwisho.

Asubuhi Dada Pindo aliwakuta mashujaa kiwandani, kila mmoja na dirisha lake. Mama Tufani alikuwa amebana pumzi, asije akarusha nyuzi.

"Na chai yangu yote mliyokunywa?" Dada Pindo akamuuliza.

Mama Tufani akapumua kidogo pembeni ya mdomo. "Tumekunywa, dada. Lakini sisi hatuna mwenyewe. Huyu meneja kamaliza."

Mtu Kengele alilia tangu mashine zilipowashwa hadi zilipozimwa, kwa kuwa hatari ilikuwepo muda wote huo. Meneja akaruhusu kila mfanyakazi achukue pamba ya kuziba masikio.

Jioni ile nyumba ilikuwa kimya. Dada Pindo akamweleza kaka yake yote.

"Tuandike mwisho wetu," kaka akasema. "Sasa hivi. Mpe uongozi Mama Tufani, sina ubishi."

"Wa meneja unasema wanabaki siku zote, kaka."

"Nani anaandika mwisho wa hivyo? Haufai hata kidogo."

"Ndiyo. Haufai."

Hata hivyo waliandika. Walimaliza kwa kikao kimoja, bila ugomvi, na ilikuwa hadithi nzuri. Hakuna aliyebisha hodi. Kaka alifariki majira ya mvua yalipoanza. Waliomzika ni majirani na wenzake wa zamu, na pale kaburini walikohoa kwa zamu ili aliyeongoza sala asikike.

Dada Pindo aliporudi kazini alipita kwanza dirisha la Jabali Jekundu. Jabali alikuwa amebonyeza komeo kwa kidole gumba, na machozi yalikuwa yakiichuruza rangi ya mashavuni.

"Pole na msiba, dada. Nilimpenda sana kaka yako."

"Najua. Fungua kidogo tu."

"Siwezi."

Dada Pindo akataka kujibu, kikohozi kikamtangulia. Kilikuwa kirefu, kikamkunja mpaka akashika ukingo wa dirisha. Jabali akamshika bega kwa mkono wa pili, taratibu, asimvunje.

"Hicho nakijua," akasema.

"Ndiyo," Dada Pindo akajibu. "Ndicho hicho."

Akajifuta mdomo, akaenda kwenye mashine yake, akavuta blanketi la kwanza.