Una Neno na Mimi?

Kwenye karakana yetu ya vioo glavu hazivaliwi hivi hivi. Wawili wanaotaka kubeba kioo kikubwa husimama wakitazamana, mmoja akauliza, "Una neno na mimi?" Mwenzake hujibu, "Sina. Wewe?" "Sina." Ndipo wavae. Mwenye neno analitoa hapo hapo, hata kama mteja anapiga honi nje, maana mkibeba kioo mmenuniana mmoja atavuta, mwingine atasukuma, na kinachofuata ni ufagio. Desturi hiyo aliianzisha marehemu baba. Niliporithi karakana niliiona ni mambo ya wazee, ila nikaiacha kwa sababu vioo vyetu vilikuwa havivunjiki. Sikujua ina maana gani. Nilijifanya najua.

Wabebaji wa vioo vikubwa walikuwa Twiga na Nukta. Majina yanajieleza: mmoja huinama akipita mlangoni, mwingine akisimama nyuma ya meza ya kukatia unaona kofia tu. Walinijua tangu nachezea vipande vya fremu sakafuni, kwa hiyo mpaka leo naitwa Dada Bosi, nusu heshima, nusu utani. Walikuwa na mtindo wao. Katikati ya safari Nukta angesema, "Pumua," nao wangekishusha kioo taratibu, wangoje kidogo, ndipo waendelee. Karakana nzima ingemzomea. "Mapafu ya kuku hayo! Mleteeni kiti!" Twiga mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, na Nukta alikuwa akipokea utani huo bila kujibu.

Sasa, nilitaka msimamizi. Kazi zilikuwa zimeongezeka na sikuwa na nafasi ya kukaa uwanjani kutwa. Nikamwita Nukta ofisini, nikafunga mlango, nikamfungulia soda. Kwa nini nilifunga mlango? Swali zuri. Mtu mwenye nia safi hafungi.

"Nataka kumpa Twiga usimamizi," nikamwambia. "Anafaa?"

"Anafaa, Dada Bosi. Tena umechelewa."

Hilo lilikuwa jibu tosha kwa mtu mwenye akili. Mimi nikaendelea kumchimba. "Nukta, usinifiche. Nyinyi mnaishi kama chanda na pete, kama kuna kitu, wewe unakijua. Ukiwa mkweli nitakukumbuka. Hata hiyo kazi yenyewe inaweza kuwa yako."

Akaizungusha chupa ya soda mezani, akaizungusha tena. Mkewe hakuwa na kazi na bintiye mkubwa alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo. Hayo yote niliyajua nilipokuwa nikiongea. Hatimaye akasema chini chini, "Goti lake la kulia ni bovu. Likimshika, mimi ndiye nasema pumua, ili watu wasijue." Kisha akashtuka. "Jamani, nimesema nini? Dada, nakuomba, yaishie humu humu."

"Yataishia humu," nikamjibu, na moyoni nilikuwa nimeshamfuta Twiga.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na kioo cha mbele cha duka la dawa, kirefu kuliko Twiga mwenyewe, cha kutolewa karakanani hadi kwenye gari. Mwenye duka alikuja kukisimamia. Nami nikatoka nikasimama mlangoni, jambo ambalo sikuwa na kawaida nalo. Nilitaka kuliona hilo goti kwa macho yangu. Ndiyo, nilisimama kukagua mguu wa mtu mzima kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Una neno na mimi?" Twiga akauliza.

Nukta alinitazama mimi kwanza. Akatazama glavu. "Sina," akasema. "Wewe?"

"Niwe na neno na wewe, mapafu ya kuku? Sina!"

Uwanjani pale mimi peke yangu nilijua kwamba Nukta amedanganya, na nilijua nani amemfikisha hapo. Ningesema tu, "Ngojeni." Lakini mteja alikuwa ubavuni kwangu akitazama saa, nikaona haya nisije nikaonekana bosi asiyejua anachotaka.

Wakainua. Nukta alitangulia kinyumenyume, Twiga akamfuata. Walipofika katikati ya uwanja uso wa Twiga ulibadilika, jasho likamtoka, mguu wa kulia ukaanza kutetemeka. Nililiona. Nukta aliliona kabla yangu. Akafungua mdomo, macho yake yakagongana na yangu, akaufunga. Siku zote neno lile, pumua, lilimficha rafiki yake; sasa, mbele yangu, lingemchongea mara ya pili. Sema, Nukta, nikawa naomba kimoyomoyo, sema basi! Mimi mwenyewe ningeweza kulisema. Mdomo wangu unafoka pale kutwa kuhusu gundi na misumari, lakini kwa neno moja la kumsaidia mtu uligoma.

Goti likakunjika.

Kwetu kila mtu anajua: kioo kikikushinda, achia, ruka. Twiga alikuwa chini tayari, na kioo kilikuwa kinamwendea shingoni. Nukta hakuachia. Alikivuta upande wake kwa mikono yote miwili, kikamvunjikia yeye.

Daktari alimshona kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Akaniambia atapona, lakini vidole viwili havisikii kitu, na hawezi kuahidi kama vitarudi. Nilipoingia wodini Nukta alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji nzito. Twiga alikuwa kwenye benchi, mguu ameunyoosha, analia bila kujificha.

"Dada Bosi, kosa ni langu," akasema. "Goti hili bovu, na nimekuficha. Huyu amenibebea aibu miaka yote, mnamcheka, ananyamaza. Leo nadhani alifikiri niko sawa. Mimi nifukuze, sina kinyongo. Yeye usimguse. Mwache na kazi yake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikampa pole, tena pole yenyewe haikutoka vizuri.

Twiga akafuta uso kwa mkono wa shati. Akajikokota akasimama, akanielekea wima, kama wanavyosimama uwanjani.

"Una neno na mimi?" akaniuliza.

Tangu nishike funguo za karakana hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Bosi habebi kioo. Nyuma yake Nukta aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Twiga," akaita kwa sauti ya kukwaruza. "Ndugu yangu, nisikilize. Jana ofisini mimi—"

Nilielewa anakokwenda. Angesema yote, soda, mlango, kazi niliyomtegea. Roho yake ingepumzika. Na Twiga angetutazama sote wawili, achukue kofia yake, aondoke, na Nukta naye asingekaa. Ningebaki na karakana isiyo na wa kubeba. Haki ya Mungu, hicho ndicho nilichokifikiria, mbele ya mkono ule: karakana.

"Sina," nikamkatiza Nukta kwa sauti kubwa. "Sina neno na wewe, Twiga. Hakuna anayefukuzwa. Wewe je?"

"Mimi? Sina, Dada Bosi. Ningekuwa nalo vipi?" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru, akarudia kunishukuru.

Nukta alirudisha kichwa kwenye mto, akageukia ukutani.